Mstari Mwekundu wa Mama Sumaku

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga. Mimi ninayewasomea wasifu huu ni kitindamimba, na nilimwogopa kuliko mama.

Alisoma shule ya msingi jirani na nyumbani, sekondari akaenda bweni, na mwaka 1985 akahitimu shahada ya kemia. Likizo alifungua redio ya baba aone inavyosema. Kuirudisha ilikuwa kazi ya baba.

Mwaka 1994, chuo kikuu kilimkabidhi chumba cha mashine ya NMR, sumaku kubwa inayowaonyesha watafiti jinsi atomi zilivyoshikana ndani ya dawa wanayoichunguza. Alipaka mstari mwekundu sakafuni: asivuke mwenye saa, funguo, wala kifaa cha moyo. Mkuu wa kitivo alipojaribu kupita na saa yake ya fahari, aliambiwa, "Sheria ni msumeno, mzee. Vua."

Fundi wa viyoyozi yeye hakuvua, saa yake ikasimama. Kesho yake alirudi kulalamika, kesho kutwa kusalimia, na Agosti 1996 wakafunga ndoa. Saa ile iliyosimama hakuivua tena mkononi. Ukimuuliza saa ngapi, alikuelekeza kwa mkewe.

Mashine ilipochakaa, chuo kilitaka kuitupa. Dada alikataa katakata: sumaku ni nzima, kilichozeeka ni mitambo ya kuisomea. "Mtu macho yakififia hununuliwa miwani, hazikwi," aliwaambia kikaoni. Alipigania jambo hilo miaka mingi, na 2022 mitambo mipya ikaagizwa.

Wakati huohuo moyo wake ulianza kusuasua. Daktari alitaka kumwekea kifaa cha kurekebisha mapigo, na hapo asingevuka tena mstari wake. Akaomba kwanza amalize kufunga mitambo. Nilimkasirikia, na sikumficha. Juni 2023 alianguka darasani, akawekewa kifaa. Kazi waliimalizia wanafunzi wake, yeye akiwaelekeza kutoka kwenye kiti, nje ya mstari.

Mchoro wa kwanza ulipotokea, walimbembeleza: "Mama Sumaku, ingia kidogo tu, nani ataona?"

"Sheria ni msumeno, wanangu. Geuzeni hiyo skrini."

Alivaa miwani, akatazama kwa muda mrefu. "Kilele cha kushoto kinene. Isawazisheni sumaku, mrudie." Wote tulijua amefurahi.

Alifariki usingizini hospitalini tarehe 2 Februari 2025. Ameacha mume, binti, mjukuu mmoja, sisi wadogo zake watatu, na mashine inayofanya kazi.

Jana wanafunzi walimpeleka shemeji akaione. Alipofika kwenye mstari alisimama, akaifungua ile saa mkononi, akaiweka mezani, ndipo akavuka.

Pumzika kwa amani, dada. Hatimaye amevua.