Mama Nionyeshe na Kipaza Kilichozimwa

Marehemu, dada yetu mkubwa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1978 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa kwanza wa seremala na mshonaji. Alikuwa na mdomo tangu utotoni. Baba alizoea kusema, "Huyu akinyamaza, mwiteni daktari."

Alimaliza sekondari ya bweni mwaka 1996, akasomea ualimu, na mwaka 2003 akaajiriwa na kiwanda cha sabuni, idara ya mafunzo.

Mwaka 2018 kiwanda kilimkabidhi mafunzo ya mtandaoni. Kozi yake ya kwanza ilihusu kuzima mashine kabla ya kuisafisha. Ilikuwa video ndefu, naye akiongea mwanzo mwisho. Wafanyakazi waliiwasha, wakaenda kunywa chai, wakarudi kuchukua vyeti. Wote walifaulu, na meneja akampongeza. Haukupita muda, mwendesha mashine mwenye cheti hicho akakatwa vidole viwili na mashine ambayo hakuizima. Marehemu alimfuata wodini.

"Video yako nzuri, mama," mgonjwa alimwambia. "Niliisikia ikiongea, mimi niko kantini."

Maneno hayo yalimchoma. Aliivunja kozi yote, akavaa ovaroli, akashinda kwenye mashine akiuliza ni hatua gani watu huiruka na kwa nini. Alitengeneza vipindi vifupi vya kutazamwa kwenye simu kabla ya zamu. Baada ya kila kipindi, mwanafunzi alipiga simu ya video, akaelekeza kamera kwenye mashine, msimamizi akiwa kando, akafanya kazi yenyewe huku marehemu akitazama kutoka ofisini, kipaza sauti chake kimezimwa. Wiki kadhaa baadaye alipiga tena bila taarifa, aone kama somo limekaa.

"Ukiuliza 'umeelewa', kila mtu atakuitikia ndiyo," alisema. "Mimi nionyeshe." Jina la Mama Nionyeshe likamganda. Sisi tunaoujua mdomo wake tunajua kukizima kile kipaza kulimgharimu kiasi gani.

Alifunga ndoa tarehe 9 Desemba 2006 na fundi magari, wakajaliwa mtoto wa kiume na wa kike. Binti, aliyezaliwa 2017, ana ugonjwa wa kisukari, na sindano zake zilikuwa kazi ya mama. Shemeji yetu ni hodari wa kushusha injini, lakini akiona sindano hutafuta kiti.

Februari mwaka huu marehemu aligundulika kuwa na saratani ya ini. Madaktari walipomweleza ukweli, hakulilia nafsi yake. Alilia kwamba hakuna mwingine wa kumchoma mtoto sindano. Kisha akajifuta machozi, akapanga kozi ya mwanafunzi mmoja: vipindi vifupi kwenye simu ya mumewe, kupima dozi ya insulini, kisha kujaribu kuchoma chungwa. Alipolazwa, waliendelea kwa simu ya video.

"Nimeelewa, mke wangu," shemeji alisema.

"Sikukuuliza hilo. Nionyeshe."

Jumapili, tarehe 7 Septemba, shemeji alionyesha, safari hii kwa binti mwenyewe. Alikosea kipimo, akaona mwenyewe, akaanza upya. Nesi aliyekuwa kando ya kitanda alimgeukia marehemu akidhani atasema neno. Marehemu alikuwa amekizima kipaza na kuuma midomo. Sindano ilipotoka, binti alisema, "Baba, hata hujazimia." Ndipo marehemu alipokiwasha.

"Umefaulu," alisema. "Nitapiga tena bila taarifa."

Alituaga alfajiri ya Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025.

Ameacha mume, watoto wawili, mama mzazi, wadogo zake watatu, na kiwanda kizima, akiwemo yule mwendesha mashine, ambaye leo ni miongoni mwa wabeba jeneza.

Asubuhi ya leo, kabla hatujatoka nyumbani, shemeji alipima dozi, akamchoma binti, akarudisha sindano mahali pake. Aliiegemeza simu kwenye birika kama alivyozoea, kamera ikimtazama, ingawa hapakuwa na mtu upande wa pili.

Apumzike kwa amani dada yetu. Ameonyeshwa.