Koplo Silvano Ikapel Omuse, Askari Aliyedai Kusikilizwa

Silvano Ikapel Omuse alizaliwa tarehe 14 Machi 1984 karibu na Kocholia, Teso Kaskazini, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Yakobo Omuse na Mama Konsolata. Ulikuwa msimu wa kupanda wimbi. Mama yake husema kwamba saa nne asubuhi alikuwa bado ameshika jembe, na kufikia saa nane mchana alikuwa ameshika mtoto. Alibatizwa katika Kanisa Katoliki Pasaka ya mwaka huo huo.

Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia mwaka 1991 hadi 1998, kisha akaendelea na sekondari hadi 2002. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Mwalimu wake mmoja aliandika kwenye ripoti ya muhula: "Hasemi mpaka aulizwe, na akiulizwa hadanganyi." Ripoti hiyo baba yake aliihifadhi mpaka kufa kwake.

Mwaka 2004 jeshi lilikuja kuandikisha vijana katika uwanja wa Amagoro. Silvano aliazima viatu vya kaka yake mkubwa, Etyang, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu. Ulipofika wakati wa mbio, alivivua, akavishika mkononi, akakimbia miguu mitupu na kumaliza wa pili. Afisa akamuuliza, "Kijana, viatu si unavyo?"

"Ni vya kaka, afande. Nimekuja navyo kwa heshima tu."

Afisa alicheka, akamchora namba kifuani. Viatu vilirudi nyumbani bila tope.

Baada ya mafunzo ya kurutu Eldoret alitumikia nchi kwa miaka kumi na mitano, akapanda cheo hadi koplo. Tarehe 22 Agosti 2009 alifunga ndoa na Petronilla Akwii, binti wa ng'ambo ya mpaka, upande wa Tororo, Uganda. Wazee wa pande zote mbili walikaa wakagundua kuwa wanaimba nyimbo zile zile, basi mahari ikazungumzwa kwa siku moja. Mungu aliwajalia watoto wawili, Brigid na Ekwaro.

Mwaka 2017 alikuwa kusini mwa Somalia. Familia imekubaliana kulisema jambo hili leo, kwa sababu yeye mwenyewe aliruhusu. Asubuhi ya tarehe 11 Mei msafara wao ulikanyaga bomu la kutegwa ardhini. Gari lililokuwa mbele lilipinduka na kuanza kuwaka. Silvano alitoa watu wawili. Wa tatu alikuwa Lansi Koplo Barnabas Oduori wa Budalang'i, rafiki yake wa tangu mafunzo ya kurutu, ambaye miguu yake ilikuwa imebanwa. Risasi zikaanza, amri ya kurudi nyuma ikatolewa, na Silvano akatii. Alipokuwa akirudi nyuma alisikia Oduori akimwita, si kwa cheo wala kwa ubini, bali kwa jina la nyumbani: "Ikapel! Ikapel!" Akajibu, "Naja." Waliporudi pale baada ya dakika arobaini, Oduori hakuwa hai.

Tangu siku hiyo Oduori hakuacha kuita.

Petronilla alilijua hilo mara ya kwanza mchana kweupe, mumewe akiwa likizoni, wawili hao wakipalilia muhogo. Silvano aliinua kichwa, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Naja," akaweka jembe chini, akatembea hadi mwisho wa shamba. Hapakuwa na mtu. Alisimama huko akiangalia ua wa jirani, kisha akarudi kuendelea na mstari wake.

"Nani amekuita?" Petronilla aliuliza.

"Hakuna."

"Baba Brigid, mimi nimekuona."

"Basi umeona. Tulime."

Madaktari wa jeshi walimtibu, na mwezi Juni 2019 akaachishwa utumishi kwa sababu za kiafya. Cheti chake kilisema tabia yake ilikuwa nzuri sana. Alikiweka kwenye bahasha ya kaki, akaanza kutafuta kazi kama raia.

Januari 2020 aliajiriwa kuwa soja wa geti katika yadi moja ya malori pale Malaba, mpakani. Aliipenda kazi ile. Aliwajua madereva kwa majina na mahindi ya kuchoma ya kila mama aliyepita kando ya foleni. Oduori aliendelea kuita, lakini geti likamfunza njia ya kuishi naye: alijibu polepole mdomoni, akaandika namba ya lori lililokuwa mbele yake.

Jumatatu, tarehe 8 Februari 2021, saa tano asubuhi, tairi la lori lilipasuka mita chache kutoka getini. Dereva mmoja wa Uganda, Bwana Olinga, alikuwa amesimama akingoja karatasi zake. Silvano alimrukia, akamwangusha, akamfunika kwa mwili wake. Mkono wa Olinga ukavunjika. Watu walikusanyika, na wengine, tusifiche, walicheka.

Meneja wa yadi alimwambia, "Enda nyumbani upumzike kidogo, boss. Tutakupigia." Hakuna aliyepiga. Siku ya nne Silvano alienda kazini mwenyewe, akakuta jina lake limefutwa kwenye ubao wa zamu. Barua aliyopewa ilikuwa na mistari miwili. Ilisema hafai kwa sababu ya akili.

Waliokuwa karibu naye wakati huo watakumbuka miezi ile. Alikaa mbele ya nyumba akiitazama ile barua kana kwamba anasubiri iseme neno zaidi. Oduori sasa aliita mara tano, mara sita kwa siku. Petronilla alimsihi aachane na yadi, walime tu.

"Kulima nitalima," alimjibu. "Lakini hawajaniuliza. Hata kurutu akikosea anaulizwa, halafu ndiyo anaadhibiwa. Mimi nimeandikwa mwendawazimu, na hakuna aliyeniuliza kitu."

Alianza kusoma Sheria ya Ajira, nakala iliyochapwa kwenye saiba ya intaneti ya Malaba, kwa kidole, mstari baada ya mstari. Akajifunza kwamba mwajiri hawezi kumfukuza mtu kwa kosa au kwa kutofaa kabla ya kumweleza sababu kwa lugha anayoielewa na kumsikiliza, mfanyakazi mwenzake akiwa ameketi kando yake. Akajifunza kwamba ulemavu, hata ule usioonekana, si sababu ya kubaguliwa kazini. Na akajifunza kwamba mlango wa mahakama hufungwa miaka mitatu ikipita. Novemba 2021 aliwasilisha kesi yake katika Mahakama ya Kazi, bila wakili, kwa mwandiko wake. Hakuomba fidia. Aliomba kurudishwa kazini.

Siku ya ushahidi Petronilla alikuwa nyuma yake. Wakili wa yadi alimuuliza, "Bwana Omuse, je, hadi leo unasikia sauti ya mtu aliyekufa?"

Petronilla anasema aliomba moyoni mumewe aseme hapana.

"Ndiyo, wakili. Hata sasa hivi. Lakini hajawahi kunizuia kufungua geti."

Kisha akasimama shahidi ambaye yadi haikumtarajia. Bwana Olinga alikuwa amevuka mpaka alfajiri ile na shati la kanisani. Akasema, "Mkono uliovunjika ni huu wangu. Mbona mimi sijamshitaki? Huyu mtu aliniangukia ili risasi impate yeye, isinipate mimi. Risasi haikuwepo, sawa. Lakini yeye alijua hivyo?"

Hukumu ilisomwa tarehe 26 Septemba 2023. Mahakama ilisema hakusikilizwa, na ikaamuru arudishwe kazini. Jumatatu iliyofuata, tarehe 2 Oktoba, alipiga pasi sare yake, akaingia kwa geti lile lile. Alimwomba meneja kitu kimoja tu, kwamba ile barua ya mistari miwili itolewe kwenye faili. Ikatolewa mbele ya macho yake.

Hapo ndipo ilipoanza kazi ambayo wengi waliofika leo wanamkumbukia. Mfanyakazi yeyote wa yadi aliyeitwa kwenye kikao cha nidhamu alimwendea Silvano kumwambia, "Afande, nisindikize." Naye aliketi kando yake. Hakubishana ovyo. Alimkumbusha meneja asome tuhuma kwa Kiswahili, kisha akamwambia mwenzake, "Sasa sema. Usiharakishe." Wanajeshi wa zamani wa yadi nyingine nao walimfuata, kutoka Busia mjini mpaka Adungosi. Kwa hao sheria haikumruhusu kuingia, maana hakuwa mfanyakazi mwenzao. Alikaa kwenye benchi nje ya mlango mpaka watoke.

Kila mwezi wa Mei alisafiri Budalang'i kumwona Mama Zilpa, mama wa Oduori, hata mwaka ambao Mto Nzoia ulifurika na ikabidi avushwe kwa mtumbwi. Kila mwaka mama huyo alimuuliza mtoto wake alisema nini mwisho, na kila mwaka Silvano alimjibu kuwa hakusema kitu. Mei 2024 alishindwa kuendelea. Akasema, "Mama, nilikudanganya. Aliniita. Nikamwambia naja, na sikwenda."

Mama Zilpa aliweka mikono kwenye magoti. Kisha akauliza, "Alikusikia ukijibu?"

"Nafikiri alinisikia."

"Basi mwanangu hakufa akidhani yuko peke yake. Kula samaki, inapoa."

Silvano alirudi nyumbani akamsimulia mkewe, akalia kwa mara ya kwanza tangu vita. Tungependa kusema kwamba sauti ilinyamaza siku hiyo. Haikunyamaza. Ila alisema imekuwa ya mtu anayeita jirani, si ya mtu anayeungua.

Machi 2025 alianza kushindwa kumeza chakula. Vipimo vilionyesha saratani ya koo la chakula. Alitibiwa katika hospitali ya kaunti na baadaye Eldoret, na familia inawashukuru madaktari na wauguzi. Alifanya kazi hadi Agosti. Kitandani aliendelea kupokea watu, wa mwisho akiwa Everline Mugeni, askari wa zamani na mlinzi mwenzake katika yadi, ambaye amepewa barua ya kueleza kwa nini hukosa kazini siku za kliniki. Silvano alimsaidia kuandika majibu, maneno yakitoka kwa kunong'ona. Akamwahidi kwamba atamsindikiza.

Jumanne, tarehe 7 Oktoba, saa kumi jioni, jua likiwa bado linaingia dirishani, alimshika mkewe mkono.

"Petronilla. Leo hajaita."

Petronilla hakujua kama afurahi au aogope. Alikaa naye akisikiliza. Koplo Silvano Ikapel Omuse alifariki kesho yake, Jumatano, tarehe 8 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja.

Ameacha mama yake, Konsolata. Mjane wake, Petronilla Akwii. Watoto wake, Brigid na Ekwaro. Ndugu zake, Etyang na dada wawili. Na Mama Zilpa wa Budalang'i, ambaye yuko nasi hapa na ameomba aandikwe miongoni mwa wafiwa.

Familia ina ombi moja. Kikao cha Everline ni Jumanne ijayo, tarehe 21, saa tatu asubuhi, siku moja baada ya Mashujaa. Anayeruhusiwa kuketi naye ni mfanyakazi wa yadi ile tu, na wafanyakazi wa yadi ile mko hapa leo, tunawaona. Tunajua mnaogopa. Hata Silvano aliogopa. Mmoja wenu amwone Petronilla kabla hajaondoka.

Mungu ampe Silvano usingizi mtulivu, asiwepo wa kumwamsha ila Yeye.