Loretta Kochevar na Mteremko Wake wa Mwisho (1949–2023)

Marehemu Loretta Kochevar, shangazi yangu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1949 hapa Pueblo, Colorado, mtoto wa tatu wa Frances na Anton, mfanyakazi wa kiwanda cha chuma. Alisomeshwa na Masista, waliomfundisha kusali na, bila kukusudia, kubishana.

Aliolewa na Walt Hribar mwaka 1974. Waliishi kwa mapenzi na makelele hadi Walt alipofariki mwaka 2009. Potica ya Shangazi, ule mkate wetu mtamu wa Kislovenia wenye kokwa za jozi, ilikuwa ngumu kama ubao; leo tunaisamehe.

Mwaka 1981 alianza kufundisha useremala katika chuo cha jamii cha hapa mjini. Wanafunzi wake walikuwa watu wa zamu, wazazi wasio na yaya, na waliopunguzwa kiwandani. Aliwapeleka kwa wazee kujenga njia za mteremko za viti vya magurudumu, kisha akamtaka kila mmoja aandike alichojifunza. Wakuu waliupa mpango huo jina refu la kujaza ukurasa. Yeye aliuita “kujifunza kwa watu.”

Mmoja wa wanafunzi hao, Delfino Archuleta, alikuwa ameshaamua kuacha chuo.

“Darasani nilikuwa kilaza wa hesabu,” aliniambia. “Kwa Bi Ortega, mzee wa kwanza tuliyemjengea njia, nikawa fundi. Yule mama alinikumbatia mpaka penseli ikavunjika mfukoni.”

Leo darasa lile analifundisha yeye.

Februari mwaka huu saratani yake ilifika kwenye uti wa mgongo, akalazwa hospitalini, hawezi tena kutembea. Shangazi aliomba jambo moja tu: afie nyumbani. Lakini mlangoni pana ngazi tano, na hospitali haikumruhusu mpaka kiti chake cha magurudumu kipate njia. Wanafunzi wa Delfino wakaijenga. Delfino akamwonyesha picha kwenye simu.

“Delfino, hii njia au kichezeo cha watoto kuteleza? Nikishuka hapa naishia barabarani. Bomoa!”

“Mwalimu, muda hatuna.”

“Nisiye nao ni mimi. Hao wanafunzi wako wanao, na watawajengea wengine. Bomoa.”

Wakabomoa, huku wakilia na kutukana. Asubuhi ya tarehe 3 Aprili, zikiwa zimebaki mbao chache, alifariki hospitalini. Wakamalizia.

Jana tulimrudisha nyumbani kwa njia ile. Jeneza lilipanda taratibu, halikuyumba. Delfino akanong’ona, “Sasa je, Mwalimu?” Kwa mara ya kwanza, hakugombezwa.

Ameacha mwanawe Gregory, dada yake Albina, watoto sita wa kaka zake, na wazee wengi wa mji huu wanaotoka nje bila kubebwa.

Pumzika, Shangazi. Mteremko uko sawa.