Karte Iliyoko Kichwani mwa Panya

Hapa mtaani Mbunya, mashariki mwa Congo, kwa Mama Solange muuza kahawa, kuna benchi ya mbao ambayo kazi yake ni kubeba wabishi. Wiki ile tulikuwa na msiba wa kuchekesha: panya alikuwa amekula karte ya uchaguzi ya Mzee Laurent, na bila kadi hiyo, kitambulisho chetu pekee, hakuna kupita bariere, kizuizi cha askari njiani kwenda Bogoro, ambako mjukuu wake angebatizwa Jumapili. Mzee alikuwa ameapa kufika. Nilimwonea huruma kweli, ingawa nilicheka. Asubuhi hiyo Osée, tunayemwita Radio kwa sababu hazimiki, alifika akihema.

— Muzee! Karte yako imepatikana!

— Fasi gani? Wapi?

— Ku iniversite! Gracia, mutoto wa Mama Solange, njo alisema. Masomo yake yote ni juu ya karte ya mu ubongo ya panya.

Mzee akaweka kikombe chini.

— Njo ile yangu! Iko na sura yangu?

— Sikuuliza. Lakini panya aliikula na kinywa. Namna gani ilifika mu kichwa?

Swali hilo likamwamsha Trésor, ambaye ni Dokta wetu tangu alipofagia duka la dawa mwezi mzima.

— Karte ni plastiki. Tumbo inaikataa, inairudisha juu. Kisha ya koo ni nini? Ubongo!

— Basi ule panya anajua majina yangu?

— Majina, siku ya kuzaliwa, mpaka jina ya baba yako. Sasa yeye njo Laurent.

— Na mimi?

— Weye uko muzee tu.

— Hata bariere atapita, — Radio akaongeza. — Askari akiuliza karte, anafungua kinywa. Jumapili ataenda ku ubatizo mu fasi yako.

— Mujukuu wangu abebwe na panya? Hapana!

Mzee alikuwa amesimama, fimbo mkononi. Nilipaswa kuwanyamazisha, lakini nilitaka kusikia mwisho wake. Bahati nzuri Gracia mwenyewe akatokea na begi lake la shule, na aliposimuliwa alicheka mpaka akakaa chini.

— Baba Laurent, haiko karte kama yako. Ni karte ya kuonyesha fasi, sawa ile ya Congo yenye wanatundikaka mu klasi. Ubongo inatuma habari na dawa bidogo-bidogo yenye inajitengenezea. Tunaziita neurotransmetteurs, na zingine neuropeptides. Siye tunakata ubongo ya panya bipande byembamba, tunatia rangi, tunaona: hapa dawa ya furaha, pale ya njaa, hapa ya woga.

— Neuro-petits, — Dokta akatikisa kichwa. — Si nilisema? Petits, bidogo.

Gracia akatoa karatasi yenye rangi nyingi, karte yenyewe, akamwonyesha kila rangi na dawa yake. Mzee aliitazama, tumaini likamwisha usoni, na mimi nikajuta kucheka kwangu. Kisha akauliza:

— Iko na kashe?

— Kashe ya iniversite? Iko, muhuri huu hapa chini.

— Unipe.

Jumapili jioni alirudi, shati lake jeupe lina doa la mchuzi wa karamu. Tukamsogezea kahawa.

— Ulipita?

— Nilipita.

— Na karte ya panya?

— Askari aliigeuza, akaona kashe. Akaniuliza: "Muzee, weye humu uko fasi gani?"

Tukamsogelea benchi nzima.

— Ukasema nini?

— Niliweka kidole pa rangi ya woga.

— Na yeye?

— Aliangalia kidole yangu. Akasema: "Pita, Muzee. Hata mimi minakaaka palepale."

Radio akanyosha kikombe chake aongezewe. Mama Solange akainamisha birika, likatoa machicha matupu. Hapo Radio akapandisha sauti:

— Na ule panya?

— Nilimuachia alinde nyumba, — Mzee akasema. — Si yeye njo Laurent?