Wema wa Dorah Nilioukana

Nimemkosea marehemu. Mwaka 2016 Linus, mlinzi wa kambi yetu ya wafanyakazi hapa Dubai anayetengeneza filamu na wenzake siku za mapumziko, Ijumaa, alinijia akitaka kisa cha maisha ya mdogo wangu. Nikamweleza ulevi wote, na wanaume wote. Akaniuliza, "Dada Marietha, kwani hana jema hata moja?" Nikasema hana. Nilisema uongo.

Dorah Kokuhirwa alizaliwa tarehe 3 Machi 1981, Kamachumu, wilayani Muleba, mtoto wa pili wa marehemu Zedekiya na mama yetu Anna. Alimaliza darasa la saba mwaka 1995. Mimi sikusoma. Nilibaki nyumbani ili yeye asome, na sikuacha kumkumbusha.

Mwaka 2002 aliolewa na Elias, wakajaliwa binti mmoja, Teresiah. Walitengana 2009, sababu ikiwa pombe.

Mwaka 2011 nilimwombea kazi za ndani hapa Dubai kwa madam wangu. Baada ya miezi minane alitoroka, akapotelea mjini. Madam akaniambia, "Khalas, yamekwisha, Marietha. Nililiamini neno lako, sasa nenda nalo." Ndivyo nilivyoishia kambini Muhaisnah, kwenye basi la wafanya usafi. Sikumsamehe.

Lakini mwaka 2014 nilipopasuliwa tumbo, ni Dorah aliyekuja. Kwa wiki sita hakugusa pombe. Aliniogesha, akanifulia, akanipikia ndizi alizozifuata sokoni Deira kwa miguu, akirudi ananung'unika kwamba ni nyembamba kama vidole vya padri.

Filamu ilionyeshwa kambini, kwenye ukumbi wa chakula. Ilikuwa mbovu. Mwigizaji anaanguka na chupa, anainuka, anaanguka tena, na muziki wa kilio hauishi. Watu walicheka. Dorah alikuwa kando yangu. "Huyu anayeniigiza hata kulewa hajui, dada," alisema. Kisha akauliza polepole, "Na zile wiki sita hukumwambia?" Nikatazama ukutani.

Ini lilianza kumsumbua mwaka 2017. Alifariki hospitalini hapa Dubai tarehe 9 Septemba 2018, akiwa na miaka 37. Alikuwa ameniomba nimsimulie Teresiah habari za wiki zile. Sikupiga simu. Juzi Teresiah, ambaye filamu ile anayo kwenye simu yake, alituma ujumbe kwamba hatakuja uwanja wa ndege kuupokea mwili wa mama yake.

Dorah ameacha mama, binti na dada. Mungu ampe usingizi mwema. Linus hadaiwi kitu, alirekodi alichoambiwa. Ninayedaiwa ni mimi, na anayenidai ni Teresiah. Kesho nasafiri na mwili. Nitamwambia kabla kaburi halijafukiwa, hata ikibidi nisimame nje ya mlango aliojifungia.