Funga Macho, Kisha Uiwashe

Benchi letu liko Mamboleo, mkabala na geti la shule, mbele ya kibanda cha Jacinta wa kahawa. Wenye kazi hupita mbio, wenye vyeti tunakaa. Mimi naitwa Digrii, na jina hilo ndilo kitu pekee digrii yenyewe ilinipa. Asubuhi hiyo stima ilipotea shuleni, ikabidi Tom, muuzaji mwenye tai na gari la kurudia Milimani kwa matajiri, apange scanner zake mbili za kusomea vipofu karatasi kwenye meza ya Jacinta, maana yeye ana sola. Shule ingenunua moja tu, na wa kuchagua ni Mwalimu Debra wa History. Tangu macho yake yazime, sisi benchi ndio tunamsomea makaratasi. Muhula uliopita Odongo, ambaye hatumwiti Spika bure, alimsomea mtihani, na kabla kahawa ipoe Form Two nzima ilikuwa inaimba majibu. Mkuu wa shule, Madam Nasipwondi, akamnyang'anya Debra mitihani. Siku hiyo alikuja mwenyewe, mikono kiunoni: Debra asome karatasi peke yake, au mitihani aisahau kabisa.

— Chukua hii kubwa, Japuonj, — akaanza Wanjohi, muuza kava za simu, akimwita mwalimu kwa Kijaluo. — Megapixel kibao. Hiyo inaona mpaka yale mwandishi alifikiria akaogopa kuandika.

— Yawa! Kitu ya maana ni accent, — Spika akanguruma. — Ikisoma majina yetu na sauti ya London, wazee wa kwetu Seme watakasirika huko chini kaburini, na samaki yote itahamia Uganda.

— Samaki ilihama kitambo, — Wanjohi akadakia. — Mi nawaambia, hii kitu ikikaa na vitabu vya History muhula mmoja, itaomba kiti ya MCA.

— Na itapita, — nikasema. — Itakuwa candidate wa kwanza kusoma manifesto yake mwenyewe.

— Gentlemen, please, — Tom akakohoa. — Hii kubwa ni top of the range. Full touchscreen.

Akalaza brosha yake inayong'aa juu ya kioo, akafunika, akagusa hapa na pale. Mashine ikasoma kama mtangazaji wa redio. Tukapiga makofi, wajinga sisi.

— Hiyo karatasi imeoga ikapakwa mafuta, — Debra akasema. — Hebu zetu.

Akatoa fotokopi ya shule, ile ya wino hafifu kama chai ya hosteli, akailaza. Mashine ikabwata takataka.

— Madam, umeiweka juu chini, — Tom akasema.

— Sasa mimi nitajuaje? Kati yetu, si hiyo mashine ndiyo yenye macho?

Akajaribu kitabu kinene cha Form Two. Kila neno lililokaribia mshono wa katikati likamezwa. Ndipo Debra akauliza lile swali ambalo sisi wote, na theory zetu zote, hatukuwa tumelifikiria.

— Tom, unaweza kufunga macho, kisha uiwashe?

Tom akafumba. Akapapasa ile touchscreen, kioo kitupu, laini, hakina hata nundu. Mashine ikazimika. Ikawaka. Ikaanza kusalimia watu kwa Kifaransa.

— Megapixel zote hizo, — nikamwambia Wanjohi, — na hakuna hata moja ya kusaidia kidole.

Ile ndogo ilikuwa kamera tu juu ya shingo ndefu, inachungulia meza. Vidole vya Debra vikapata vitufe: kimoja duara, kingine pembe tatu. Akalaza fotokopi chini yake, akabonyeza. "Ukurasa umepinduka. Nimeugeuza," ikasema, na ile fotokopi ya chai ikasomeka neno kwa neno.

— Inataka bundles za intaneti? — Debra akauliza.

— Hapana, software iko ndani.

— Na mwandiko wa wanafunzi?

Tom akalegeza tai.
— Hapo... inabahatisha.

— Asante kwa ukweli. Watachapa majibu yao computer lab.

Nasipwondi akasogea mezani. Akafungua bahasha, akatoa mtihani mpya wa Form Two uliotungwa na mwalimu mwingine.

— Soma.

Debra akailaza chini ya kamera, akachomeka earphone. Benchi zima likasogea kutega sikio, hata Spika. Tuliona tu midomo ya Debra ikianza kutabasamu.

— Madam, swali la tatu limerudiwa kwenye la tisa. Maneno tofauti, jibu moja.

Nasipwondi akanyakua karatasi, akapekua, akarudi nyuma, akapekua tena. Kisha akacheka, na huyo mama hachekagi.

— Mitihani ni yako, Mwalimu. Kuanzia leo. Wewe Tom, hiyo ndogo haiondoki hapa.

Benchi likalipuka! Wanjohi akabeba kamera juujuu kama kombe, Jacinta akapiga sufuria, mimi mwenyewe, mtu wa hasira, nikajikuta nasimama kupiga kigelegele kama shangazi harusini.

Vumbi lilipotulia, Spika akainama karibu na Debra, sauti chini kwa mara ya kwanza maishani mwake.

— Lakini Japuonj, hebu tuambie. Swali la kwanza linasema nini?

Tukatazamana. Wanjohi hajui. Mimi sijui. Mamboleo nzima hakuna anayejua.

Debra akakunja earphone yake polepole, akaitia mfukoni.

— Ngoja siku ya mtihani pamoja na Form Two, Spika.