Anastasie Wabiwa, Mwenye Ndagala za Kitandani

Ndugu waombolezaji, amahoro. Wapendwa wa kanisa, majirani wa Kizuka na wa mjini Rumonge, wavuvi na mama wa mwalo wa Magara, nyote mlioacha kazi zenu asubuhi hii, familia inawasalimu. Mimi ninayesoma ni Chanceline, mdogo wa mwisho wa marehemu. Jana baadhi ya wazee wetu waliniomba niruke sehemu moja ya maisha yake, wakisema mambo ya biashara hayasomwi mbele ya sanduku. Nimewasikia kwa heshima, lakini binti yake Ange ameomba yasomwe yote, na mume wake Melkiades amekubali, kwa hiyo nitasoma yote.

Marehemu Anastasie Wabiwa alizaliwa tarehe 11 Aprili 1986 huko Mboko, Kivu ya Kusini, akiwa mtoto wa tatu wa baba yetu Bitondo na mama yetu Sabine, ambao wote wametangulia. Mwaka 1991 baba alivuka na familia kuja Rumonge, ambako alishona nyavu za wavuvi mpaka macho yalipokataa. Anastasie alianza shule ya msingi hapa Rumonge mwaka 1993, akakatishwa na vita, akarudi, akamaliza darasa la sita mwaka 2001, akiwa mkubwa kuliko wenzake wote na hajali wanaomcheka. Hakuendelea, kwa sababu mama alikuwa ameanza kuumwa na mimi nilikuwa bado mdogo, na mimi nikisoma leo mbele yenu ni kwa kuwa yeye alinilipia mpaka nikamaliza darasa hilo hilo.

Mwaka 2003 alianza kuuza ndagala, hawa dagaa wa ziwa letu, katika mwalo wa Magara, pale mitumbwi inapotia nanga, akinunua kwa wavuvi alfajiri, akianika mchangani kama kila mtu, akipeleka sokoni. Tarehe 14 Julai 2007 alifunga ndoa na Melkiades, mvuvi, katika kanisa letu la hapa Rumonge, na Mungu akawajalia watoto wawili, Ange aliyezaliwa tarehe 2 Februari 2009, na Baraka aliyezaliwa tarehe 19 Septemba 2013.

Mwaka 2015 alichoka kuuza samaki wenye mchanga, akamwomba Melkiades nyavu zilizozeeka, akakata miti, akatengeneza vichanja vilivyofika kiunoni, akaanza kuanika ndagala juu, mbali na mchanga, mbali na mbuzi na miguu ya watu. Mama wa mwalo walicheka mpaka wakakaa chini, na wengine wao wako hapa wanajijua. Walisema, "Anastasie amewapa ndagala kitanda, mume wake analala wapi?" Yeye aliendelea kugeuza samaki wake, na mwaka ule ule wateja wa Rumonge wakaanza kuuliza sokoni wako wapi wale ndagala wa kitandani. Mwaka 2018 mama watano wa pale pale mwaloni, kati ya wale waliocheka, walikuja kuanika pamoja naye.

Sasa nafika kwenye sehemu niliyoombwa niiruke. Mwaka 2021 Anastasie alitaka watu wa mbali, wa Bujumbura na wa Gitega, wamfahamu bila kupitia kwa wachuuzi wanaochanganya samaki wake na wa wengine, akamwendea Élysée, kijana mwenye sekretariati, kiofisi cha kuchapa na kunakili karatasi, karibu na soko, amtengenezee ukurasa kwenye intaneti. Élysée ametupa ruhusa tuseme kwamba kazi ya kwanza aliyomletea ilikuwa mbaya, yenye ziwa la buluu ambalo si letu, maandishi yanayoruka, na picha ya mpishi wa kizungu anayecheka. Anastasie aliitazama akamwambia, "Mutu akifungua aone mukono yangu, asione ya muzungu." Akakaa naye Jumamosi baada ya Jumamosi, Baraka akiwa amelala mapajani, akikataa na kuchagua.

Alichagua picha moja tu kubwa, mkono wake ukiwa umeinua ndagala mmoja kwenye mwanga wa asubuhi, tumbo la samaki likionekana safi. Alichagua rangi ya nyavu kuukuu, ile ya kijivu inayokaribia kijani, iwe nyuma ya maandishi yote, na rangi hiyo hiyo akaipeleka kwenye mifuko, ili mtu aliyeona ukurasa akikutana na mfuko sokoni aujue kabla ya kusoma. Alitaka bei iandikwe kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili, Kirundi na Kifaransa, majina ya mama wote watano yawepo na nyuso zao, na ukurasa uwe mwepesi, kwa sababu wateja wake wananunua mega za intaneti kidogo kidogo kama wanavyonunua chumvi. Jina alilotaka Élysée lilikuwa la Kifaransa, refu, yeye akachukua lile la waliomcheka, akauita ukurasa wake Ndagala za Kitandani.

Na alitaka jambo moja ambalo Élysée alilipinga kwa wiki nzima. Sisi wa mwaloni tunajua kwamba mwezi ukiwa mkubwa taa za mitumbwi hazivuti ndagala, wavuvi wanakaa nyumbani wanashona nyavu, na samaki anayeuzwa siku hizo kama mpya ni mzee, au ametoka kusikojulikana. Anastasie alitaka siku hizo ukurasa ufungwe, ile picha ya mkono iondoke, ionekane picha ya vichanja vitupu na maneno yasemayo mwezi unawaka, hatuna samaki, rudini. Élysée alimwambia hakuna duka duniani linalomfukuza mteja. Akafanya alivyoambiwa, na tangu mwezi wa kwanza watu walianza kungoja siku ya kufunguliwa, wakipigiana simu wao kwa wao, na mifuko ilikuwa inaisha kabla ya saa sita. Kazi hiyo ndiyo iliyojenga nyumba ya watoto wake na kuwalisha mama watano na watoto wao, na ndiyo maana haiwezi kurukwa.

Mnamo Oktoba 2024 marehemu alianza kuumwa tumbo na kupungua mwili, akatibiwa hapa Rumonge, halafu tarehe 18 Novemba akapelekwa hospitali Bujumbura, ambako madaktari walikuta uvimbe kwenye ini. Wiki hiyo hiyo alikuja kumtazama Darius, mtoto wa baba mdogo wa Melkiades, ambaye ana depo ya samaki Bujumbura. Alileta machungwa, akasali vizuri, na kwenye koridori akamwomba Melkiades neno la siri la ukurasa ili awajibu wateja mpaka shemeji yake apone. Melkiades alikuwa hajalala siku nyingi, na huyu ni ndugu yake, akampa.

Darius alibadilisha neno la siri. Alibadilisha namba ya simu akaweka yake. Mkono wa Anastasie aliuacha, kwa sababu ndio uliokuwa unauza, na nyuso za mama watano aliziacha, lakini samaki wao hakununua tena, alinunua waliokaushwa mchangani kwa bei ya chini akawatia kwenye mifuko ya rangi ile ile aliyochapisha mwenyewe, yenye picha ya mkono ule ule. Na vichanja vitupu alivifuta, maana mtu ambaye hajawahi kuanika samaki hata siku moja hawezi kujua vilikuwa na kazi gani.

Mwezi wa tatu mwaka huu, mwezi ukiwa umejaa juu ya ziwa na mitumbwi yote ya Magara imelala mchangani, ukurasa uliandika kwamba ndagala wapya wapo. Mama Nafisa, mwenye mgahawa Gitega, mteja wake wa siku zote, alituma sauti kwenye simu ya marehemu, na tuliisikia sote tuliokuwa karibu na kitanda: "Mama Ange, mwezi ikiwaka mulikuwa munafunga, leo muko na samaki ya wapi? Mukono ni yako, muchanga ni ya nani?"

Anastasie aliomba tumkalishe. Alimpigia Darius mwenyewe, na Darius akamjibu kwa upole kwamba apumzike, biashara hailali. Dada yangu alimwambia, "Yangu inalala, Darius. Watu wanaiamini kwa sababu inalala." Darius akakata simu, na tangu siku hiyo hakupokea tena. Mgonjwa ambaye nguvu zake zilikuwa za kuhesabu alizimalizia kuwapigia wateja mmoja mmoja, akiwaomba msamaha kwa mchanga ambao hakuuweka yeye, na wengine hawakumwamini, na mmoja alimtukana.

Marehemu alirudishwa nyumbani Rumonge tarehe 27 Mei, na akafariki siku ya Jumanne tarehe 10 Juni 2025, alfajiri, mikononi mwa Ange. Élysée alikuwa ameandikia tangu Aprili wale wanaotunza anwani za kurasa, kuwathibitishia kwamba anwani iliandikishwa kwa jina la Anastasie, na jibu lao lilifika Jumatano. Lilichelewa siku moja. Ukurasa umerudi mikononi mwa Ange na mama watano, na tangu juzi unaonyesha vichanja vitupu, na utabaki hivyo mpaka tumalize kilio.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Rumonge na wa Bujumbura waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliopika na kuchota maji, kwaya, wavuvi waliochimba kaburi, Élysée, na mama watano waliomwosha. Darius ametoa gari lake kuleta sanduku, na kwa hilo tunasema murakoze, gari halina kosa.

Kama desturi yetu ilivyo, mwenye kitu cha marehemu tunamwomba akirudishe kwa familia. Darius, umekaa mstari wa mbele, unanisikia. Kwenye depo yako kuna mifuko yenye mkono wa mtu tunayemzika leo. Iondoe yote kabla ya siku ya kumaliza kilio, uilete hapa nyumbani, tutaichoma mbele yako. Ukitaka kuuza ndagala, andika jina lako, weka picha ya mkono wako, tuone nani atanunua.

Dada yangu, ulinilea, hukunifundisha kupiga kelele, na leo sijapiga. Pumzika kwa amani, Mama Ange. Hasira tuachie sisi.